Bisturi ya umeme: kalamu inakata, lakini usalama wa mgonjwa uko pajani

Kabla daktari mpasuaji hajashika chombo chochote, muuguzi mmoja anainama upande wa miguu ya mgonjwa. Anapapasa paja, ananyoa nywele kama zipo, anapangusa ngozi mpaka ikauke, kisha anabandika kipande laini kinachonata, chenye ukubwa wa kiganja kilichokunjuliwa. Kutoka kwenye kipande hicho unaondoka waya unaokwenda kwenye mashine iliyo pembeni. Kazi yote inachukua dakika moja au mbili. Wakati huo mgonjwa amekwisha kulala usingizi wa dawa, jamaa zake wako nje kwenye benchi, na baadaye hakuna atakayewaambia kwamba jambo hilo lilifanyika.

Kipande hicho, ambacho waliosomea kazi kwa Kifaransa wanakiita plake, ni nusu ya chombo ambacho watu wengi wanakijua kwa nusu nyingine tu: bisturi ya umeme. Kinachoonekana ni ile kalamu iliyo mkononi mwa daktari, inayokata nyama na kufunga mishipa midogo ya damu kwa wakati mmoja. Plake imefunikwa na kitambaa, haionekani. Lakini mgonjwa akiamka na kidonda cha moto mahali ambapo hakupasuliwa, plake ni kati ya vitu vya kwanza vya kutazamwa: je, ilibanduka, ilikauka, au ilibandikwa mahali pasipofaa?

Kwa zaidi ya miaka mia moja, wale wanaounda chombo hiki wamepambana na swali moja ambalo bado lina uzito kwa kila hospitali, iwe Boston au Bunia: umeme ukishaingia mwilini mwa mtu, utatokea wapi?

Umeme usiokamata misuli

Mkaaji yeyote wa Goma au Bukavu aliyewahi kugusa waya ulio wazi anajua umeme wa nyumbani unavyokamata. Mkono unajifunga wenyewe, misuli inakaza, mtu anashindwa kuachia. Umeme huo wa volti 220 unakwenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde. Kwa mishipa ya fahamu, mwendo huo ni wa polepole. Misuli inaweza kuufuata, na moyo pia ni msuli. Ndiyo maana unaua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, mwanasayansi Mfaransa Jacques-Arsène d'Arsonval alionyesha kwamba umeme ukienda na kurudi haraka zaidi, kupita mara 10,000 kwa sekunde, misuli inaacha kukaza. Mwili haupati tena mshtuko. Unapata joto. Ni kama mtu aliyesimama: ukimsukuma mbele na nyuma taratibu atayumba na kuanguka, ukimtikisa haraka kuliko anavyoweza kuyumba, miguu yake inabaki palepale. Mashine nyingi za upasuaji za leo zinapeleka umeme unaokwenda na kurudi kati ya mara 300,000 na 500,000 kwa sekunde. Hapo mishipa ya fahamu haina nafasi ya kuitikia.

Chombo hiki kisichanganywe na chuma cha moto ambacho watu wa zamani walitumia kuchoma vidonda. Katika chuma cha moto, joto linatoka kwenye chuma na kuingia mwilini, wala umeme haupiti ndani ya mtu. Katika bisturi ya umeme, ncha ya kalamu haipashwi moto kwanza. Ni nyama yenyewe inayopata moto kwa sababu inauzuia umeme unaopita ndani yake.

Joto hilo lina ngazi zake. Chembe za mwili zikifika karibu nyuzi 60 zinakufa na protini yake inaganda, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe kwenye kikaango. Zikifika nyuzi 100, maji yaliyo ndani yake yanachemka. Zikipashwa polepole zinakauka na kusinyaa. Zikipashwa ghafla zinapasuka na kuwa mvuke, na hapo nyama inafunguka kama imepitiwa na wembe. Kupita nyuzi 200, kinachobaki ni mkaa mweusi. Kazi yote ya kuunda chombo hiki ni kuhakikisha kila ngazi inafikiwa mahali inapotakiwa, na si sentimita moja pembeni.

Mgonjwa wa Boston

Mtu aliyeifanya mashine hiyo ikubalike katika upasuaji hakuwa mganga. William Bovie, aliyezaliwa jimbo la Michigan nchini Marekani mwaka wa 1882, alisomea mimea mpaka kupata shahada ya udaktari katika chuo kikuu cha Harvard. Baadaye akafanya kazi katika tume ya saratani ya chuo hicho, na huko akaunda mashine iliyoweza kukata nyama na kugandisha damu kwa umeme wa kasi kubwa. Wengine walikuwa wametangulia. Mpasuaji Mfaransa Eugène Doyen, karibu mwaka wa 1909, alikuwa amekwisha kutumia kipande cha pili cha kurudisha umeme kutoka mwilini. Lakini wapasuaji wengi hawakuwa wamekubali.

Aliyekubali ni Harvey Cushing, mpasuaji wa ubongo katika hospitali ya Peter Bent Brigham, mjini Boston. Adui mkubwa wa Cushing alikuwa damu. Fuvu na ubongo vina mishipa mingi ambayo haifungiki kwa uzi kwa urahisi. Tangu mwaka wa 1911 alikuwa akitumia vibanio vidogo vya fedha kubana mishipa hiyo, lakini havikutosha.

Tarehe 1 Oktoba 1926, mgonjwa mwenye miaka 64 alirudishwa kwenye meza ya upasuaji. Alikuwa na uvimbe kichwani uliojaa damu. Siku chache kabla, Cushing alijaribu kuuondoa akalazimika kuacha njiani kwa sababu damu ilikuwa inamwagika kuliko alivyoweza kuizuia. Safari hii Bovie alikuwa chumbani na mashine yake. Uvimbe ukaondolewa kipande kwa kipande, na mgonjwa akapona. Baada ya hapo Cushing aliwaita tena wagonjwa ambao alikuwa amewaambia kwamba uvimbe wao hauwezi kuguswa. Mwaka wa 1928 alichapisha habari ya kazi hiyo, na chombo kikaanza kuenea duniani.

Bovie hakutajirika. Haki zake za uvumbuzi ziliuzwa kwa kampuni moja ya Cincinnati kwa dola 1, naye akafariki mwaka wa 1958. Jina lake ndilo lililobaki: mpaka leo wapasuaji wengi wa Marekani, wakitaka kalamu hiyo, wanasema tu "Bovie".

Kumbukumbu za miaka hiyo zina habari nyingine ambazo waundaji wa mashine hawakuzisahau. Siku moja, katikati ya upasuaji, umeme ulipitia chombo cha chuma alichoshika Cushing, ukapanda mkononi mwake na kutokea kwenye taa aliyovaa kichwani. Siku nyingine, mwali wa bluu ulitoka katika uwazi wa mfupa wa paji la uso wa mgonjwa aliyekuwa amelazwa kwa eta, dawa ya usingizi inayowaka kama petroli. Cushing hakuiacha mashine. Alibadilisha namna ya kumlaza mgonjwa, na wazo la kutumia meza ya mbao badala ya chuma likaanza kuzungumzwa. Tayari ilikuwa wazi kwamba kuingiza umeme mwilini ni rahisi, na kwamba kazi iko katika kuuonyesha njia ya kutoka.

Hesabu ya ncha na plake

Mvua ikinyesha juu ya kilima cha Bukavu na maji yakasambaa kwenye majani, udongo unabaki mahali pake. Maji yaleyale yakikusanyika katika mfereji mmoja mwembamba, yanachimba korongo na kubeba nyumba. Kiasi cha maji ni kilekile. Kilichobadilika ni upana wa njia.

Bisturi ya umeme inafanya kazi kwa sheria hiyo. Umeme unaotoka kwenye kalamu ndio huohuo unaotokea kwenye plake, bila kupungua. Kwenye ncha unabanwa mahali padogo sana, kwa hiyo unachoma. Kwenye plake unasambazwa mahali papana, kwa hiyo ngozi haihisi kitu.

Chukua mfano wa ncha inayogusa nyama kwa milimita 1 ya mraba, na plake yenye sentimita 10 kwa 10. Plake hiyo ni milimita 10,000 za mraba. Kwa kila milimita ya ngozi chini ya plake, umeme ni mdogo mara 10,000 kuliko pale penye ncha. Na joto halifuati umeme moja kwa moja: umeme ukizidi mara mbili mahali pale pale, joto linazidi mara nne, ukizidi mara kumi, joto linazidi mara mia. Basi kati ya ncha na plake, tofauti ya joto inafika mara milioni mia moja. Upana huo ndio unaomlinda mgonjwa.

Sasa plake hiyo ibanduke kidogo kidogo. Labda dawa ya kusafishia ngozi imechuruzika chini yake, labda mgonjwa amegeuzwa upande, labda gundi ilikauka kwa sababu pakiti ilifunguliwa wiki iliyopita. Inabaki sehemu moja kati ya kumi tu inayogusa ngozi. Umeme wote unajibana pale, na joto linaongezeka mara mia. Mgonjwa amelala, hawezi kusema anaungua. Hapo plake imegeuka kalamu ya pili ambayo hakuna anayeiangalia.

Kitufe cha njano, kitufe cha bluu

Kalamu nyingi zina vitufe viwili. Cha njano ni cha kukata, cha bluu ni cha kugandisha damu. Umeme unatoka kwenye mashine moja. Kinachobadilika ni namna unavyotolewa.

Kwa kukata, umeme unatoka mfululizo bila kukatika. Cheche ndogo ndogo zinaruka kutoka kwenye ncha kwenda kwenye nyama, chembe zinageuka mvuke, na ncha inapita karibu bila kugusa. Kwa kugandisha, umeme unatolewa kwa vipande: katika mashine nyingi unapita karibu asilimia 6 tu ya muda, kisha unapumzika. Chembe zinapata nafasi ya kupoa, hazipasuki, zinakauka na kuziba mshipa. Lakini ili umeme wa vipande ufanye kazi, volti zake zinapandishwa sana, mpaka maelfu. Kwa hiyo kitufe cha bluu, ambacho wengi wanakiona ni cha upole, ndicho chenye volti kubwa zaidi, na ndicho kinachotafuta kwa nguvu zaidi mahali ambapo plastiki ya kalamu imepasuka.

Umbo la ncha nalo lina sababu. Ncha bapa inakata kwa ukingo wake na kugandisha damu kwa ubavu wake. Sindano inabana umeme zaidi, inahitaji nguvu kidogo, na inafaa mahali pembamba kama usoni. Kidude cha mviringo kinasambaza joto juu ya mahali panapovuja damu. Kuna na kitanzi cha waya, na hicho kinawagusa wanawake wengi wa Kongo. Saratani ya mlango wa kizazi ni kati ya saratani zinazoua wanawake wengi zaidi katika RDC. Ikigunduliwa kabla haijawa saratani kamili, sehemu iliyoharibika inaweza kutolewa kwa kitanzi cha waya mwembamba wa karibu milimita 0.2 unaopitishwa umeme, mara nyingi kwa dawa ya ganzi tu, na mama akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Waya unapaswa kuwa mwembamba ili ukate bila kuchoma pembeni, kwa maana kipande kilichotolewa kinakwenda maabara, na kikiungua kingo zake hazisomeki.

Moshi unaotoka pale si moshi wa kupuuzwa. Una kemikali zenye sumu, na watafiti wamekuta ndani yake chembe za urithi za kirusi kinacholeta saratani hiyo ya kizazi. Kwa hiyo kalamu za kisasa zinaundwa zikiwa na mrija wa kuvuta moshi karibu na ncha. Pale ambapo hakuna mrija huo, muuguzi anaweza kuuvuta kwa mashine maalum ya kunyonya moshi.

Mashine zilizojifunza kuuliza

Mashine za zamani zilirudisha umeme kupitia ardhi. Plake ikitoka, umeme haukusimama. Ulitafuta njia nyingine yoyote ya kufika ardhini. Unaweza kupita kwenye vibandiko vya kupimia moyo, kwenye ukingo wa meza ya chuma unaogusa mkono wa mgonjwa, au kwa mpasuaji mwenyewe. Kibandiko cha moyo ni kidogo, kwa hiyo kinachoma.

Kuanzia miaka ya 1970, zilienea mashine ambazo umeme wake haufungamani na ardhi. Umeme huo unataka kurudi kwenye mashine yenyewe tu, na waya wa plake ukikatika, mzunguko unakatika. Ajali nyingi zikapungua. Lakini mashine hiyo haikuweza kuona plake iliyobanduka nusu, kwa kuwa nusu iliyobaki bado ilikuwa njia.

Jibu lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ni jibu rahisi kuliko mtu anavyodhani: plake ikagawanywa mara mbili. Vipande viwili vinakaa pamoja kwenye gundi moja, lakini havigusani. Mashine inapitisha umeme mdogo sana kutoka kipande kimoja kwenda kingine kupitia ngozi ya mgonjwa, na kupima jinsi ngozi inavyouzuia. Plake ikianza kubanduka, kizuizi kinapanda, mashine inapiga kengele na kukataa kufanya kazi. Yaani wakati wote wa upasuaji mashine inaiuliza ngozi kama bado wako pamoja.

Sheria za kimataifa za mashine hizi zinataka plake ipimwe kabla ya kuuzwa. Umeme wa miliampia 700 ukipita kwa sekunde 60, joto la ngozi chini ya plake ya mtu mzima lisipande kupita nyuzi 6. Kipimo hicho kinahusu plake mpya, nzima, iliyobandikwa vizuri. Hakuna anayeipima plake iliyokatwa kwa mkasi ili igawanywe kwa wagonjwa wawili, au iliyobandikwa mara ya tatu kwa utepe.

Kibano kisichohitaji plake

Kuna njia nyingine ya kujibu swali la kurudi: umeme usisafiri mbali. Mwaka wa 1940, mpasuaji Mmarekani James Greenwood alieleza kibano ambacho mkono mmoja unaleta umeme na mkono wa pili unaurudisha. Leonard Malis wa New York akaiendeleza kazi hiyo baadaye. Umeme unapita tu katika kile kilichobanwa kati ya ncha mbili, milimita chache, na plake haihitajiki. Mpaka leo kibano hicho ndicho chombo cha wapasuaji wa ubongo, na wa mahali popote ambapo umeme ukipotea njia ungeharibu mshipa wa fahamu.

Tatizo lake ni kunata. Damu ikikauka kwenye ncha, kibano kinapovutwa kinang'oa kile kilichotoka kuzibwa. Kwa hiyo waundaji wamejaribu metali zinazopitisha joto haraka kama fedha, wamezilainisha ncha, wameweka mirija inayodondosha maji ya chumvi wakati wa kazi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 vikaja vibano vinavyobana kwa nguvu na kupima nyama kwa wakati mmoja. Mashine inafuatilia jinsi nyama inavyozuia umeme, inasimama yenyewe kuta za mshipa zikishaungana, na inaweza kufunga mshipa wenye upana wa mpaka milimita 7 bila uzi. Ni chombo kizuri, lakini vibano vyake vingi vimeundwa kutumika mara moja na kutupwa. Kwa hospitali inayonunua uzi wa kushonea kwa shida, bei hiyo ni mlima.

Mashine inafika, plake inakwisha

Katika hospitali nyingi za nchi zenye mali kidogo, vyombo vya namna hii vinafika kama msaada. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2011 ulionyesha kwamba katika nchi hizo karibu asilimia 40 ya vyombo vya matibabu vilikuwa havifanyi kazi. Mwaka huohuo shirika la afya duniani, OMS, lilitoa mwongozo kuhusu misaada ya vyombo: kabla ya kupokea, hospitali iulize kama chombo kinafaa umeme wa mahali, kama kina kitabu cha maelezo, kama vipuri na vitu vya kutumia na kutupa vinapatikana.

Kwa bisturi ya umeme, kila swali kati ya hayo lina jibu linaloweza kuonekana. Mashine iliyoundwa kwa umeme wa Marekani wa volti 120, ikichomekwa kwenye volti 220 za Kongo bila kibadilishio, inaweza kuungua siku ya kwanza. Mashine iliyoandikwa volti 220 nayo inateseka pale umeme unapopanda na kushuka, au pale jenereta ya mazutu inapowashwa katikati ya kazi. Kifaa cha kusawazisha umeme kinapaswa kuhesabiwa katika bei tangu mwanzo.

Halafu inakuja plake. Mashine inaweza kudumu miaka mingi. Plake ya gundi imeundwa kwa mgonjwa mmoja. Katoni iliyokuja na msaada ikiisha, mashine bado inawaka, daktari bado anaihitaji, na mgonjwa yuko mezani. Hapo ndipo plake iliyotumika inaoshwa na kurudishwa. Hapo pia ndipo inanunuliwa plake ya bei rahisi isiyogawanywa mara mbili, na bila mtu kujua, ile kengele inayoiuliza ngozi inakuwa kipofu: mashine itajua kama waya umekatika, haitajua kama plake imebanduka.

Njia za kutoka zipo. Kuna mikeka mipana ya kulaza mgonjwa juu yake, isiyo na gundi, inayorudisha umeme kupitia eneo kubwa la mwili na kutumika tena kwa miezi mingi. Kuna upasuaji mwingi ambao kibano cha ncha mbili kinatosha. Na kuna njia ya kawaida kuliko zote: katika bajeti ya mashine, kuandika plake za miaka mitatu kabla ya kuandika mashine yenyewe.

"Ongeza nguvu"

Kuna neno moja ambalo wauguzi wa vyumba vya upasuaji wanalisikia kila wiki. Kalamu haikati vizuri, daktari anasema: "Ongeza." Muuguzi anazungusha kitufe. Baada ya muda kidogo: "Ongeza tena."

Mara nyingine sababu ni ndogo: ncha imejaa mkaa, ikipanguswa itakata. Mara nyingine waya umelegea. Lakini mara nyingine kalamu imedhoofika kwa sababu umeme unashindwa kurudi, plake imebanduka. Katika hali hiyo kila "ongeza" inazidisha moto chini ya kitambaa. Mafunzo ya kazi hii yanasema jambo moja: kabla ya kuongeza nguvu kupita kiasi cha kawaida, simama, inua kitambaa, tazama plake.

Mambo mengine ya kufuata hayagharimu pesa. Plake ibandikwe kwenye msuli mnene kama paja, karibu na mahali pa upasuaji, mbali na mfupa, kovu au chuma kilicho ndani ya mwili. Upande wake mrefu uelekee mahali pa upasuaji, maana umeme unajikusanya zaidi kwenye ukingo wa karibu. Ikibanduka isibandikwe tena. Mgonjwa akigeuzwa, itazamwe upya. Kalamu isiyotumika irudi kwenye ala yake ya plastiki, isiachwe juu ya tumbo la mgonjwa, ambako mkono unaweza kuegemea kitufe. Dawa ya kusafishia ngozi yenye alkoholi iachwe ikauke kabisa, na cheche ziwe mbali na hewa ya oksijeni, ili mwali wa bluu wa siku za Cushing usirudi. Na sauti ya mashine isizimwe, hata kama inachosha masikio.

Mgonjwa na jamaa zake nao wana sehemu yao. Mwenye chuma mwilini, iwe sahani ya mfupa uliovunjika, kifaa cha kuendesha moyo, au risasi na vipande vya bomu vilivyobaki ndani, jambo ambalo mashariki mwa Kongo si la nadra, aseme kabla ya kulazwa. Pete, heleni na shanga zenye chuma zibaki kwa jamaa. Baada ya upasuaji, yule anayemwosha mgonjwa atazame paja na makalio. Wekundu unaoisha baada ya saa chache ni wa gundi. Alama inayobaki, yenye malengelenge au ngozi iliyogeuka nyeupe au nyeusi, ionyeshwe muuguzi siku hiyohiyo, na iandikwe kwenye kitabu, ili plake ya mgonjwa anayefuata itazamwe kwa macho mengine.

Upasuaji ukiisha, kitu cha mwisho kutoka mwilini mwa mgonjwa ni kile kilichotangulia. Muuguzi anashika ukingo wa plake, anaibandua taratibu huku mkono wa pili ukishikilia ngozi, na kutazama paja chini yake. Likiwa safi, anaitupa plake kwenye ndoo, na kufungua pakiti mpya kwa ajili ya anayesubiri mlangoni. Kama pakiti mpya ipo.